Koleo Ndani ya Jani la Mgomba

Manirakiza alilifungua jani la mgomba juu ya meza ya daktari wa meno kabla hata ya salamu. Ndani yake mlikuwa na koleo, na harufu ya gongo ikajaa chumba kizima.

"Tumia hili."

Kokugonza, daktari mwenyewe, binti wa Bukoba aliyehamishiwa Kaisho mwaka jana, alijizuia kucheka, akashindwa. "Shikamoo baba. Hili si la kukazia nati za baiskeli?"

"Marahaba. Limelala kwenye gongo ya ndizi tangu jana. Lenu limelala wapi?"

Kitini, binti yake, Gloriose, alikuwa amevimba shavu, jicho moja limebaki mstari. Shavu la mama yake, Anonciata, nalo lilianza hivyohivyo. Aling'olewa jino katika zahanati nyingine, akarudi na pamba mdomoni, akitania. Wiki haikuisha wakamzika kando ya mibuni. Wakubwa walisema ni mapenzi ya Mungu. Manirakiza, aliyeishia darasa la tatu, hakuwahi kusikia Mungu akishika koleo.

Kokugonza alilipanua koleo la mgeni wake. "Tazama hapa kwenye maungio, baba. Gongo haikufika."

Grisi nyeusi ilikuwa imejificha humo. Aibu ilimpanda Manirakiza, lakini haikumnyamazisha.

"Panua na lako."

Lake liling'aa mpaka ndani, likidondosha dawa iliyochoma pua. "Umeme umekatika, mashine ya mvuke imelala. Leo tunaloweka humu ndooni, kwenye dawa ya kuua vijidudu, nusu saa nzima, kisha tunasuuza."

"Hili liliingia ndooni saa ngapi?"

Macho ya daktari yalikimbilia saa ya ukutani, kisha mlangoni, foleni ilikokuwa ikinung'unika. Manirakiza aliyaona. Akausubiri uongo, alikuwa ameuzoea.

"Sasa hivi," Kokugonza alisema kwa sauti ndogo. "Alipotoka yule bwana aliyewatangulia. Mganga mkuu hataki foleni isimame."

Akalirudisha ndooni, akafunika.

"Baba, linaniuma," Gloriose alilia.

"Najua, mwanangu. Vumilia."

Maneno makali alikuwa nayo Manirakiza, ameyatunza tangu msiba. Sasa hayakuwa na wa kuambiwa. Kumbe lilikuwa jambo la kuulizwa tu, na mtu akajibu. Siku ile Anonciata aliingia peke yake, na tangu utotoni alifundishwa kutomhoji mtu aliyevaa koti jeupe.

Kokugonza alimsogezea kiti. Hakuketi. Alisimama kando ya ndoo, kiganja juu ya mfuniko.

Mama mmoja alichungulia mlangoni, akafyonza. "Wazee wengine bwana! Jino moja, sote tukeshe? Kwani unalinda nini hapo?"

"Mke wangu," alijibu Manirakiza, wala hakuuondoa mkono mfunikoni.