Neno la Jumbe Mwinjuma

Mwaka 1888, Wajerumani walipopandisha bendera yao Bagamoyo, wazee wa Zinga, kijiji cha jirani, walimpa Jumbe Mwinjuma ukuu wa wapiganaji mia mbili. Alikuwa muuza nguo, hajawahi kushika bunduki. Msaidizi wake, Ausi, ndiye aliyejua vita, lakini hakuna aliyesogea bila neno la Jumbe.

Mwezi wa sita wa vita, Ausi alimjia.

"Jumbe, toa amri tuivamie ngome ya Wajerumani tena."

"Watarudi wangapi?"

"Labda nusu."

Mwinjuma alikwisha kuzika watu thelathini na mmoja, na yeye mwenyewe ndiye aliyempelekea kila mjane habari. Alikuwa amechoka hata kusimama.

"Waambie warudi makwao, wakalime kabla ya masika."

"Watakuita mwoga."

"Na waniite."

Ausi akaenda kuwatangazia wapiganaji. Mwinjuma akajilaza palepale mchangani, akalala.