Aliyepima Hakagui

Mume wangu Byabato amezijengea risasi zake nyumba nzuri kuliko hii yetu ya Kiseke. Masanduku ya mninga, ndani ametandika vipande vya blanketi, na kila pembe kimfuko cha mkaa mkavu wa kunywa unyevu wa ziwa. Bati la jikoni kwangu linavuja. Nikimkumbusha, ananijibu kwamba mimi nitakauka, baruti haikauki.

Alikuwa mpima ardhi wa serikali. Alipostaafu, upimaji wote akauhamishia kwenye risasi za bunduki, ambazo huzijaza kwa mkono wake. Maganda matupu huyasimamisha kwenye kibao alichokitoboa mwenyewe kwa keekee, yakakaa wima kama watoto wa komunyo ya kwanza. Akishatia baruti, kabla ya kuyaziba, humu ndani kuna sheria moja: aliyepima hakagui. Mkaguzi ni mimi. Naacha sufuria, nachukua tochi, nachungulia kila ganda kuona kama baruti imelingana. Miaka yote hii neno langu limekuwa moja tu: "Safi." Naye hujibu, "Nilijua." Majivuno yake yananiudhi, na ninayapenda.

Lakini mwaka huu macho yamemwacha, na hataki kukiri. Akimwaga chai nje ya kikombe, kosa ni la kikombe. Jumapili moja alimpa shikamoo binti wa kwaya, kisha akanifokea mimi kwa kuwa nilicheka. Nikitaja hospitali, anasema taa za siku hizi hazina mwanga. Mtu aliyekula mkate wake kwa macho hayo, utamwanzaje?

Wiki iliyopita mwanetu Anatory alipiga simu kutoka shambani kwake, upande wa Sengerema. Nguruwe pori wanammalizia mahindi, kibali cha kuwawinda amepata, bunduki anayo, na Jumamosi angekuja kuchukua risasi za baba yake. Ilipofika Jumamosi, Byabato alijifungia chumba cha uani tangu asubuhi, anapima huku anaimba. Sikuwa nimemsikia akiimba siku nyingi.

"Mama Anatory, njoo ukague!"

Nikaenda na tochi. Safu ya kwanza ilikuwa sawa. Kwenye safu ya pili nikasimama. Ganda moja lilikuwa limejaa baruti hadi mdomoni, na jirani yake halikuwa na kitu, shaba tupu inang'aa chini. Alikuwa amemimina mara mbili palepale.

Ningeweza kusema "Safi," kisha nikayarekebisha akienda kunawa. Nililifikiria hilo, sidanganyi. Mama yangu alinifunza kumsitiri mume. Lakini lile ganda lililojaa lingeweza kumpasukia mwanangu usoni.

"Si safi," nikasema.

"Wapi?"

Nikamwonyesha. Akainama mpaka pua ikagusa kibao.

"Mbona yamelingana?"

"Hayajalingana, Baba Anatory."

Nikampa kijiti cha meno. Akakitumbukiza kwenye ganda la kwanza, kikagota juu kabisa. Kwenye la pili kikazama chote, vidole vikagonga shaba. Akarudia, taratibu, kama anayetafuta jiwe la mpaka kwenye majani. Kisha akakaa kitini, mikono magotini. Nilitaka kulia. Nilitaka pia kumgombeza kwa miezi yote hiyo ya kujifanya.

Hapo Anatory akaingia, buti zina matope.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Risasi ziko tayari?"

Nikawahi mimi: "Baruti imeingia unyevu, mwanangu, ndiyo maana..."

Byabato akainua mkono kunikatiza.

"Baruti ni kavu," alisema. "Kanunue za dukani."

"Za dukani! Baba, hazilengi kama zako."

"Zangu hazipo tena. Nimekosea kupima, na mama yako aliponionyesha kosa, sikuliona." Akageuza uso upande ilikotoka sauti ya mwanawe, ila hakuupata sawasawa, alikuwa anautazama mlango. "Sogea hapa nikushike, Anatory. Tangu Pasaka unakuja, unakaa, unakula, unaondoka, na mimi sijauona uso wako."