Mkanda wa Jeshi wa Arlys

Mke wangu Arlys ana dawa moja tu ya maradhi yote: mafuta ya kupaka viwele vya ng'ombe. Mikono ikipasuka kwa baridi, mafuta. Paka alipoungua mkia, mafuta. Kwa hiyo Jumatano ile nilipomkuta bandani kapandisha shati, anajipaka kiunoni huku kauma meno, sikushtuka.

"Umeanza kutoa maziwa, mama?"

"Geuka huko, mzee usiye na haya! Jua tu limenichoma."

Nje theluji ilikuwa magotini. Nikasogea nione hilo jua. Malengelenge mekundu yalikuwa yamejipanga kutoka mgongoni hadi karibu na kitovu, upande wa kushoto peke yake. Marehemu mama yangu aliugua vivyo hivyo, nikajua huu ni mkanda wa jeshi.

"Siku ya ngapi?"

"Ya nne. Na ukimwambia Kirsten, utakula kwa majirani mpaka Pasaka."

Kirsten ni binti yetu wa pekee. Alikuwa anakuja Jumamosi na Soren, mtoto wake wa wiki tatu, abatizwe Jumapili. Kwetu bibi mzaa mama ndiye anayembeba mtoto hadi kwenye maji, na Arlys aliingoja siku hiyo miaka kumi na tano. Gauni la ubatizo alishalipiga pasi mara tatu.

Nilimpeleka kwa daktari, tukigombana njia nzima.

"Hii ni ile tetekuwanga yako ya utotoni," daktari akamwambia. "Ukipona haiondoki, inalala kwenye mishipa ya fahamu. Umri ukienda, mwili ukichoka, inaamka. Ungekuja mapema vidonge vingekusaidia zaidi. Na hapa umepaka nini?"

Arlys akatazama dari.

"Mafuta," nikasema. "Ya viwele."

Daktari aliandika maneno mengi kidogo. Kisha akasema Arlys asimguse mtoto mchanga mpaka malengelenge yakauke yote, maana majimaji yake yanaweza kumpa mtoto tetekuwanga.

Tulipoingia garini Arlys akaanza kupanga.

"Nitafunga bandeji. Nivae na sweta mbili."

"Arlys."

"Dakika tano tu, Verlyn."

Mwanamke huyu hajawahi kuniomba kitu, huwa anaamuru. Utani wote uliniishia. Nilimhurumia sana.

Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye simu, akaweka spika, akamweleza Kirsten kila kitu. Halafu akaanza kulia.

"Na wewe tetekuwanga nilikuambukiza mwenyewe, mwanangu. Si nilikupeleka kwa akina Halvorson?"

Enzi hizo chanjo haikuwapo. Mtoto mmoja akitoka vipele, akina mama wa huku waliwakusanya watoto wote jikoni kwake, wakalamba peremende moja kwa zamu, ili waugue pamoja yaishe.

"Mimi nakumbuka keki tu, Mama," Kirsten akacheka. "Usilie bwana. Tuahirishe ubatizo?"

Arlys akajifuta pua. "Wasimamizi wameshakata tiketi. Babako atambeba."

Mimi! Mtu ambaye kanisani hukaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na kahawa.

Jumapili Arlys alikaa peke yake, viti vitatu mbali na watu. Kanisa letu ni la watu wapole. Paa likishika moto watangoja wimbo uishe. Nikampokea Soren, nikaanza kutembea kuelekea kwenye maji.

"Verlyn!"

Kanisa zima likageuka.

"Kichwa! Shika kichwa, huyo si ndama!"

Nikashika kichwa.

"Juu kidogo. Hapo hapo. Sasa polepole."

Arlys alikuwa amesimama, mikono yake miwili ameikunja kifuani kama vile ninavyotakiwa nimshike mtoto. Niliifuata mikono ile hatua kwa hatua, na hakuishusha mpaka mchungaji alipomaliza kumwaga maji.