Choo Alicholeta Kitinda

Kitinda mimba wa nyumba ile, ambaye hata mtaani walimwita Kitinda tu, alipiga simu Jumanne asubuhi kusema analeta choo kipya. Dada yake aliibana simu begani, maana mikono yote miwili ilikuwa imeshika ndoo.

Choo cha zamani kilikuwa jini la maji. Tangi lake lilipasuka miaka sita nyuma, na tangu hapo kila mama yao alipotoka msalani, binti aliingia na ndoo mbili: ya kwanza ilizunguka tu na kurudi juu, ya pili ndiyo iliyofanya kazi. Bomba lilitoa maji mara mbili kwa wiki. Yeye ndiye aliyejaza mapipa, yeye ndiye aliyechota, katikati ya kushona gauni la huyu na kupunguza suruali ya yule kwenye cherehani yake barazani. Alikuwa ameolewa, akaachika, akarudi nyumbani. Nyonga ya mama ilipoanza kugoma, hakuna aliyeuliza nani atabaki naye.

Tena ni yeye aliyemwambia Kitinda, mwaka juzi, kwamba siku hizi kuna vyoo vinavyobana maji. Kitinda akajibu, "Tutaona, dada." Sasa aliteremka kwenye pikapu na boksi kubwa, meno yote nje, akisema:

"Mama, nimepata wazo!"

Dada alikwenda kumwonyesha fundi bomba aliyekuja naye bafu lilipo.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, mpole, asiye na maneno mengi. Alifunga maji, akabomoa saruji kwenye kitako cha choo cha zamani, akaking'oa na kuziba shimo kwa tambara ili harufu isitamalaki nyumba nzima. Alikiweka kipya, akakiunganisha na pipa la akiba alilolipandisha juu ya paa, akaweka juu yake pima maji, kile kipimo cha usawa, akasogeza kidogo huku, kidogo kule, mpaka kiputo kikatulia katikati. Kesho yake, saruji iliposhika, akamwita mama.

"Mama, kitufe hiki kidogo ni cha haja ndogo. Hiki kikubwa ni cha haja kubwa. Ukibonyeza mara moja tu, inatosha."

Mama akabonyeza kidogo. Maji yakapita shwaa, yakanyamaza. Akabonyeza kikubwa. Akacheka kama msichana.

"Mwanangu Kitinda kanitoa utumwani!"

Binti alikuwa nyuma yake, amemshika kiwiko asiteleze. Neno lile lilimchoma kama mwiba wa samaki. Utumwani? Na aliyekuwa akibeba maji ni nani?

Ikawa ndiyo wimbo wa nyumba. Akija jirani, anapelekwa bafuni. Akija mwuza mkaa, anasimuliwa mlangoni. Hata waliokuja kuchukua nguo zao kwa mshonaji waliitwa ndani. "Njooni muone alichonifanyia kijana wangu. Maji kikombe tu, na kinang'aa!" Binti aliendelea kukanyaga cherehani, na siku moja alishona mkono wa kushoto upande wa kulia, akafumua, akashona tena palepale.

Usiku hakulala vizuri, mchana hakula vizuri. Wivu ni moto wa pumba, hauonekani moshi ila ndani unateketeza. Siku ya tano, akipiga deki bafuni, aliiona ukutani nyuma ya choo koki ndogo inayopeleka maji kwenye tangi. Aliitazama. Akaizungusha, akaacha upenyo kama wa uzi. Kisha akaendelea kupiga deki.

Tangi sasa lilichukua karibu saa nzima kujaa. Jumamosi walikuja wageni wa mama, mmoja wao mwalimu mstaafu, mwanamke wa heshima zake. Aliingia wa pili, akakawia humo. Kitufe kilisikika kikibonyezwa, tena, na tena. Alipotoka alikuwa ameinamisha macho.

"Samahani jamani, sijui nimekosea wapi..."

"Mwanangu," mama aliita kwa sauti ndogo, "leta ndoo."

Binti aliileta mbio. Na pale, akimwaga maji, alijikuta anatabasamu. Alijiona katika kioo cha bafuni, ndoo mkononi, anatabasamu, na kile alichokiona hakikumpendeza.

Lakini hakuifungua koki.

Jumatatu Kitinda alikuja na fundi, tena amemtangulia kwa maneno tangu getini.

"Umenifungia takataka! Mama yangu kaaibika mbele ya watu kwa ajili yako. Na mtaa mzima nitawaambia wasikupe kazi!"

Fundi aliingia bafuni. Alipiga magoti, akafunua tangi, akatazama boya, kisha akapeleka mkono nyuma. 

"Koki imefungwa karibu yote," alisema. "Mimi niliiacha wazi kabisa."

"Ndiyo hivyo, mkikamatwa hamkosi la kusema!"

Dada alikuwa mlangoni. Alimwona yule mtu mzima akiwa magotini, anatukanwa kwa kosa lisilo lake, naye akifuta tu mikono kwenye suruali.

"Mwache fundi," alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyefunga. Nimebeba maji miaka sita, Kitinda. Wewe umebeba choo siku moja, na mtu anayesifiwa ni wewe."

 Fundi alifungua koki, akaaga kwa kichwa, akasema atangoja nje.

Mama alikuwa amefika, ameshika ukuta. Wote walidhani atafoka.

"Miaka sita," alisema mama, "kila nikitoka humu nakukuta umesimama na ndoo. Mwanamke mzima, unamwaga uchafu wangu. Unadhani nilikuwa naona raha? Siku ile nilipobonyeza, nilifurahi kwa kuwa hutauona tena uchafu huo."

"Ungeniambia, mama."

"Ningekuambia vipi? Kukushukuru kungekuwa kuutaja uchafu wenyewe."

Binti alilia, lakini si kwa furaha. Maneno ya mama aliyaelewa. Hata hivyo, asante aliyoingoja miaka yote hiyo haikuwa imetamkwa, na alijua pengine haitatamkwa. Alikwenda nje, akamwomba fundi radhi mbele ya Kitinda, na Kitinda naye akalazimika kuomba yake, akikuna kisogo. Kisha dada akamgeukia mdogo wake.

"Kila Jumamosi utakuja kukaa na mama. Asubuhi hadi jioni. Mimi nina mambo yangu."

"Mambo gani, dada?"

"Hayakuhusu."

Mama hakuacha kumsifu Kitinda kwa wageni, na kila alipofanya hivyo mshonaji alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Lakini Jumamosi ya kwanza alivaa gauni alilojishonea mwaka uliopita na hakuwahi kulivaa, akaenda kwa shoga yake ng'ambo ya mji. Kabla ya adhuhuri Kitinda alikuwa amempigia mara mbili: dawa za mama ziko wapi, na uji unakorogwa mpaka uweje. Alipopiga mara ya tatu, dada aliitazama simu ikiita, akaigeuza kifudifudi mezani, akamwomba shoga yake amwongezee chai.