Kiatu cha Kushoto

Jumatatu ya sita ilipopita bila gunia kuletwa, fundi viatu alikichukua kigoda cha pili, kile kilichokaa mkabala na chake, akakiingiza ndani nyuma ya mlango na kukirundikia makopo matupu ya rangi. Mkewe alimwuliza kigoda kimefanya kosa gani. Akajibu kwamba kinachukua nafasi. Mkewe akalitazama baraza lote lilivyokuwa tupu, akarudi ndani. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi, na alijua ni wakati gani swali la pili huzaa ugomvi.

Watu walimwita Gundi. Kwa miaka kumi na minne gunia lile lilikuwa likija kila Jumatatu asubuhi, limebebwa begani na kocha mwenyewe, yule ambaye mashabiki walimwita Babu ingawa hakuwa hata amefika sitini. Ndani mlikuwa na viatu vya timu nzima, vinanuka nyasi na jasho. Babu aliketi, akawasha sigara ambayo hakuwahi kuivuta ikaisha, na Gundi akatoa kiatu kimoja kimoja na kukigeuza soli juu. Huyu anakimbilia visigino, alisema. Huyu anaogopa kugeukia kulia. Huyu hakufanya mazoezi wiki nzima, tazama meno ya soli yalivyo mapya. Babu aliitikia kwa kichwa, wala hakuandika popote. Jumamosi ikifika, yule anayeogopa kugeukia kulia alionekana amehamishiwa upande mwingine, na Gundi kule jukwaani alikohoa kidogo tu, kikohozi cha mtu aliyekionja chakula kikiwa bado jikoni.

Hakuna karatasi ya klabu iliyomtaja. Lakini barazani kwake, mashabiki walipokuja kubishana, neno lake ndilo lililofunga mjadala. Wengine wote walikisia. Yeye alikuwa ameshika viatu.

Kisha Babu akapoteza mechi saba mfululizo, viongozi wakamwandikia barua ya kumshukuru, na akaja mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, saa kubwa mkononi. Kila jambo lake lilikuwa na dakika yake, kwa hiyo haikupita wiki mashabiki wakampa jina la Ratiba. Alikuta timu ya wakubwa na wadogo, akataka timu moja. Wakongwe waliozoea kufika mazoezini jua likishapanda, waliofika hivyo tena walitazama mechi wakiwa benchi. Nahodha alipewa zamu ya kufagia chumba cha kubadilishia nguo kama mwenzake yeyote. Na kila mchezaji alitakiwa asafishe viatu vyake mwenyewe, na vikiharibika avipeleke mwenyewe kwa fundi. Hiyo sheria ya mwisho hakuna aliyeitilia maanani barazani, isipokuwa mtu mmoja.

Mabishano hayakukoma. Kwa kawaida walikuwa watatu: Gundi na sindano yake, shemeji yake, yaani kaka wa mkewe, aliyekuwa mwashi mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, na muuguzi wa zahanati ya jirani, mama wa makamo aliyekuja kila akimaliza zamu na ambaye hajakosa mechi ya nyumbani tangu akiwa msichana.

Shemeji alishikilia kwamba timu ilikuwa imeoza kutoka ndani. Ukuta ukipinda, alisema, huupaki rangi, unaubomoa mpaka pale ulipoanzia kupinda. Gundi akamjibu kwamba wachezaji ni watu, si tofali, na kwamba Babu alimjua kila mmoja wao, mpaka mama wa nani anaumwa na mama wa nani kapona.

"Mama zao aliwajua, hilo halina ubishi," muuguzi akasema. "Washambuliaji wa wenzetu ndio hakuwajua."

Shemeji alicheka mpaka akajishika mbavu. Gundi akaona amebaki peke yake, akatafuta njia nyingine: nahodha mzima kushikishwa ufagio, hilo si nidhamu, ni kudhalilishana.

"Na wewe, Mzee Gundi, ufagio wa mkeo unaujua rangi yake?" muuguzi akamwuliza.

Kutoka ndani mkewe akasikika akisema kwamba haujui hata ulipo. Hapo Gundi naye alilazimika kucheka.

Kilichomla si ufagio. Alisubiri. Kila asubuhi aliposikia hatua za mtu zikipungua mwendo karibu na baraza, alidhani Ratiba ameambiwa na mtu kwamba yupo fundi hapa, muulize, anaijua timu hii kwa nyayo zake. Alishaandaa hata namna atakavyojifanya ana shughuli nyingi. Na kweli Ratiba alikuja. Alipita Alhamisi moja mchana akitoka kuwashukuru mashabiki wa zahanati, akawapa mkono wote waliokaa barazani, akampa na Gundi. "Asante kwa kutuunga mkono, mzee," akasema, akaitazama saa yake, akaenda. Ulikuwa mkono mkavu na wa heshima. Gundi aliutazama wake baadaye, umejaa gundi na nta, kama aliyenyang'anywa kitu na hajui ni nini.

Tangu siku hiyo shemeji alianza kwenda kutazama mazoezi, akawa anarudi na "Ratiba amesema hivi" na "Ratiba ameniambia vile." Alikuwa mtu aliyekaa hapo miaka kumi na minne akisema "Gundi amesema." Sasa timu ilikuwa imeshinda nne na kutoka sare moja, na kila ushindi Gundi aliushangilia kwa mikono tu, wala si kwa moyo. Wivu wa namna hiyo una aibu kuliko wa mapenzi. Aliyeibiwa mke anaweza kulia mbele za watu. Aliyeibiwa kocha amlilie nani?

Jumanne ya wiki ya mechi na majirani zao, mechi ambayo watu huacha kusalimiana kwa ajili yake, Tiara alileta viatu. Alikuwa winga wa kushoto, kipenzi cha jukwaa zima, akiitwa hivyo kwa namna alivyopepea pembeni mwa uwanja. Alitaka cha kushoto kishonwe ubavuni tu. Gundi alikigeuza, na mikono yake ikajua kabla ya macho. Soli ilikuwa imelika ukingo wa nje peke yake, kama iliyopigwa tupa. Akatia vidole ndani, akakuta kipande cha sponji kimekunjwa chini ya kisigino.

"Tangu lini?" akauliza.

Tiara alitazama barabarani kwanza. Wiki ya tatu, akasema. Asubuhi mguu unakataa kabisa, ukipata moto unatulia. Daktari wa timu hajui. "Usimwambie mtu, mzee. Kwa huyu kocha, ukikaa nje mara moja unaanza kupanga foleni kama aliyesajiliwa jana. Na nyuma yangu kuna watatu wanaomba nianguke."

Angekuwa Babu, Gundi angelisema hilo kabla kiberiti hakijazimika, na Babu angempumzisha Tiara kwa kisingizio kwamba mama yake anaumwa. Hilo alilijua vizuri. Alijua pia kwamba uwanja wa mazoezi uko mwendo wa robo saa, na kwamba mtu akifika pale langoni na kusema ana neno kuhusu mguu wa mchezaji, hafukuzwi. Lakini alimpa Tiara ahadi yake, akajiambia kwamba siri ya mteja ni siri ya mteja. Neno zuri, safi. Alilirudia mara kadhaa siku ile, na kila aliporudia liliteleza kama sabuni, na chini yake akaona kitu kingine kimelala: acha amchezeshe. Acha aanguke mbele ya watu wote, tuone saa yake itamwambia nini.

Akakikarabati kiatu kile kama ambavyo hajawahi kukarabati kingine. Alikata ngozi nyembamba yenye mteremko, akaipachika chini ya wayo kwa ndani, ili mguu ulale sawa na kuchechemea kusionekane. Alitoboa kwa msharasi mwembamba kuliko yote aliyokuwa nayo, akashona kwa uzi wa nta, mishono midogo, kila mmoja sawa na mwenzake. Kazi ilimpa raha, na raha ile ikamtisha kidogo, lakini hakuacha.

Ijumaa shemeji alipokuja akiwa amejaa sifa za kikosi cha kesho, Gundi hakubishana. Alisema tu kwamba wasubiri, kesho wataona alichokiona yeye. Aliposhikwa aseme zaidi, alitabasamu na kuingiza uzi kwenye sindano. Kwa mara ya kwanza tangu Babu aondoke, shemeji na muuguzi, wote wawili, walimtazama mdomoni.

Uwanja ulijaa kabla ya saa tisa. Walikaa pale walipokaa siku zote, safu ya tatu, nyuma ya benchi la kocha, shemeji katikati. Tiara alianza. Alikimbia vizuri. Gundi hakumtazama usoni hata kidogo, alitazama mguu, na mguu ulikanyaga sawasawa. Jukwaa zima halikuona lolote, na yeye alijikuta akijivunia.

Dakika ya kumi na moja Tiara alipokea mpira akiwa na nafasi ya kugeuka na kuondoka. Hakugeuka. Aliurudisha nyuma kwa mguu wa kulia, pasi ya kawaida, ya mtoto yeyote. Mashabiki wakaguna kidogo, mchezo ukaendelea. Ratiba peke yake ndiye aliyesimama. Alimtazama Tiara kwa muda wa pumzi tatu au nne, kisha akamwita mchezaji wa akiba avue fulana ya mazoezi.

Namba ya Tiara ilipoinuliwa, uwanja ulilipuka. Watu walisimama juu ya viti. Walimzomea Ratiba kwa majina ambayo wengi wao wasingeyataja mbele ya watoto wao. Tiara alitoka akiinamisha kichwa, na kelele zikazidi, kwa kuwa walidhani anadhalilishwa. Shemeji naye alikuwa amesimama, mishipa ya shingo imemtoka, akipiga kelele kwamba huyu mtu ni mwendawazimu, kipenzi cha watu anatolewa dakika ya kumi na moja, katika mechi hii, kwa pasi moja. Halafu akamgeukia Gundi, na macho yake yalikuwa yale ya zamani.

"Ulisema. Jana ulisema tutaona." Akawageukia watu wa safu ya nyuma, akamshika Gundi bega. "Huyu mzee alisema. Muulizeni. Anaijua timu hii kuliko wote."

Wakamgeukia, nyuso kumi, kumi na tano, zikingoja. Kilikuwa ndicho kitu alichokitamani kwa wiki sita. Alitakiwa kuitikia kwa kichwa tu.

Lakini yeye alikuwa akitazama chini. Pale benchi, Ratiba alikuwa ameupa mgongo mchezo wenyewe. Alipiga goti mbele ya Tiara, akafungua kamba za kiatu cha kushoto kwa mikono yake, akakivua taratibu, Tiara akauma meno. Kisha akakigeuza soli juu. Akakiinua kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa nje ulioliwa, kutoka mbele hadi kisigino. Akaingiza mkono ndani. Akakuta ile ngozi. Akakaa akiipapasa mishono, mmoja mmoja, na hakuonekana kuwa na haraka.

Hapo ndipo wivu ulipomshika Gundi kuliko siku zote. Miaka kumi na minne Babu alikaa mbele yake akiitikia kwa kichwa, na hakuwahi hata mara moja kunyoosha mkono akagusa soli.

"Mguu wake mbovu," Gundi akasema.

Shemeji hakusikia kwa kelele. Akainamisha sikio.

"Tiara. Mguu wake wa kushoto ni mbovu, wiki ya tatu hii. Kocha kafanya sawa kumtoa. Angeendelea ungekatika."

"Nani kakwambia?"

"Kiatu. Alikileta Jumanne."

Muuguzi, upande wa pili, aliacha kupiga kelele. Aliwatazama wote wawili, kisha akautazama mguu uliovimba kule benchi, akauona kwa macho ya kazi yake. Hakumtania Gundi. Alimwuliza kwa sauti ya chini, sauti ya kuulizia wagonjwa, kama alimwambia mtu.

"Hapana," Gundi akasema. "Nilimtengenezea kisionekane."

Muuguzi alichukua mkoba wake, akaomba njia, akaanza kushuka kuelekea benchi. Waliokuwa wakingoja neno la mzee walichoka kungoja, wakarudi kuzomea. Shemeji hakuzomea tena. Aliuondoa mkono wake begani mwa Gundi.

"Jumanne," akasema. "Na jana ulikaa pale ukatabasamu."

Gundi alijiwa na lile neno la siri ya mteja, akalimeza.

Mpira ulitoka nje, ukarushwa, mchezo ukaendelea. Shemeji aliketi, lakini hakuketi pale alipokuwa. Alisogea, si mbali, kiasi cha nafasi ya mtu mmoja. Kule chini muuguzi alikuwa ameshafika, na Ratiba alikuwa akimwonyesha kitu ndani ya kiatu, huku akigeuza kichwa kutazama jukwaani, safu baada ya safu, kama mtu anayeutafuta mkono ulioshona mishono ile.

Kijana mmoja aliyechelewa kuingia alipita mbele ya magoti yao, bilauri ya juisi mkononi, akasimama kwenye ile nafasi.

"Samahani wazee, hapa pana mtu?"

Akamtazama huyu, akamtazama yule, akingoja mmoja wao ajibu.