La Ngazini Haliandikwi

Mimi ni fundi bomba. Darasa la sita niliacha katikati, na chuoni niliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa kupitishia mabomba. Nasema mapema ili asije mtu akadai kwamba fundi hakuelewa mambo ya wasomi. Nilielewa. Nilikuwepo.

Kwa miaka kumi na moja, kila Jumatatu saa mbili asubuhi, nilipanda ngazi za bweni la wasichana pamoja na Mlezi wa Wanafunzi. Yeye mbele, mimi nyuma na spana. Ofisi anayo, ina zulia na kiti cha kuzunguka, lakini wanachuo hawakuwa wakienda. Nani ataeleza kwamba ana mimba, au kwamba mwenzake wa chumbani hajaamka kitandani wiki nzima, mbele ya karani anayekata kucha? Kwa hiyo Mama aliwafuata. Alikaa kwenye kipandio na sketi yake ya ofisi, vumbi na yote, msichana akakaa kipandio cha chini, wakaongea. Mimi nilisogea pembeni nikagonga bomba lisilo na ubovu wowote, ili wengine wasisikie. Wasichana walimwita Mama Ngazi.

Sheria yake ilikuwa moja tu: la ngazini haliandikwi.

"Nikiliandika litaingia kwenye faili," aliniambia mwaka wa kwanza. "Likishaingia huko si langu tena, wala si la mtoto. Ni la wakubwa."

Niliipenda sheria hiyo. Niliona wasichana waliomaliza chuo kwa sababu yake.

Mwaka huu pampu ilikufa. Ghorofa ya tatu na ya nne zilikaa wiki tano bila tone. Nilijaza fomu ya vipuri mara tatu, na mara tatu ilirudi na neno moja: subiri. Wasichana wakabeba ndoo kutoka bomba la uani, vipandio sabini na viwili hadi juu. Nimevihesabu.

Ghorofa ya nne alikaa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mwaka wa mwisho, mitihani imebaki miezi miwili. Baba yake alifariki akiwa mdogo. Siku ya kuripoti chuo mimi ndiye niliyembebea godoro. Wenzake walimchagua kiongozi wa bweni na kumwita Wakili, kwa sababu hakubali kushindwa hata na redio.

Jumatatu moja alitungoja kipandio cha juu kabisa, ndoo tupu mapajani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Wakili. Leo kesi gani?"

"Kesi ya kunuka. Ijumaa asubuhi tunapeleka ndoo tupu kwa Mkuu wa Chuo. Tunazipanga mlangoni kwake, tunakaa kimya, saa nne tunaingia darasani. Hakuna kuimba, hakuna kupiga kelele."

Mama akacheka mpaka akavua miwani. "Msivunje hata kikombe. Na mkizipanga, niachieni nafasi ya ndoo yangu."

Wasichana waliojazana mlangoni wakapiga makofi.

Kanuni za chuo zinasema mkusanyiko wowote Mlezi apewe taarifa siku tatu kabla. Wakili anazijua kama sala. Mama alipotangulia kushuka, Wakili akanivuta shati.

"Mjomba, nimwandikie na barua? Si unajua, mali bila daftari..."

"Umwandikie Mama barua? Mtu aliyekaa na wewe ngazini? Utamvunjia heshima bure. Kasikia, kakubali, yamekwisha."

Maneno hayo ni yangu. Siwezi kumtupia mtu mwingine.

Ijumaa zilipangwa ndoo mia moja na kumi na tisa. Za bluu, nyekundu, nyingine zimeshonwa kwa waya. Wasichana walikaa nyuma ya ndoo kimya kama maji ya mtungini. Ndoo ya Mama haikuwepo. Nikadhani amechelewa.

Kumbe siku hiyo Mkuu alikuwa na wageni, wakaguzi. Mmoja wao, bwana mzito mwenye tai, aliingiza mguu kwenye ndoo akatembea nayo hatua mbili. Hakuna msichana aliyecheka. Nadhani hilo ndilo lililomchoma Mkuu zaidi. Wangecheka angewaita watoto wakorofi, yakaisha.

Jumanne iliyofuata Wakili aliitwa kwenye kamati ya nidhamu. Aliruhusiwa shahidi mmoja tu, akaniweka mimi. Meza ndefu, chupa nane za maji juu yake. Mama alikaa kushoto kwa mwenyekiti. Nilimpungia mkono. Alikuwa anasoma karatasi.

"Hatukuvunja kanuni," Wakili alisema. "Tulitoa taarifa siku nne kabla, kwa Mlezi mwenyewe."

Mwenyekiti akageuka. "Mama Mlezi, ulipata taarifa?"

Mama aliangalia chupa yake. "Sikupokea taarifa yoyote."

Aliruka kimanga, macho makavu, mchana kweupe. Nilisimama kabla sijaambiwa.

"Mama, acha mzaha. Nilikuwepo!"

"Fundi," mwenyekiti akasema, "una maandishi?"

"Maandishi ya nini? Nina masikio."

Mtu akacheka. "Kamati haipokei masikio," mwenyekiti akasema.

"Basi mwulizeni yeye kwa nini haandiki! Mwulizeni sheria ya ngazini ni ya nani!"

Hapo Mama akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Fundi ni mjomba wa mtuhumiwa," alisema kwa upole, sauti ileile ya ngazini. "Tumwelewe."

Wakili alisimamishwa masomo mwaka mzima. Mitihani hakuna. Rufaa ndani ya siku kumi na nne. Dada yangu alinipigia simu. Hakulia. "Kaka," alisema, "si ulituambia huyo mama ni kama wa kwetu?"

Alhamisi pampu mpya ililetwa. Niliifunga mwenyewe. Ghorofa ya nne bomba lilikohoa, likatema kutu, maji yakatoka meupe. Chumbani kwa Wakili godoro lilikuwa limekunjwa.

Jumatatu, saa mbili, Mama alikuwa chini ya ngazi kama kawaida.

"Fundi, twende?"

Nilitoa daftari mfukoni. "Kabla hatujapanda. Mpwa wangu ana siku nane za rufaa. Andika hapa kwamba alikupa taarifa. Mstari mmoja."

"Hujui mle ndani mlivyo," alisema. "Mkuu aliniita Ijumaa ileile. Akaniambia, kama nilijua, basi mimi ndiye kiongozi wao, nifungashe leo. Kama sikujua, nibaki. Nikiondoka nani atapanda ngazi hizi? Wataleta mtu wa kukaa ofisini. Ni mmoja, Fundi, kwa ajili ya mia tatu."

"Hao mia tatu uliwauliza?"

Alivua miwani, akaifuta kwa sketi.

"Ungemwambia mwenyewe usoni: nakutoa wewe. Hukumwambia. Ukanisingizia ujomba."

"Kwani wewe si mjomba wake?"

"Kwa miaka kumi na moja nilikuwa fundi wako."

Akakaa kipandio cha kwanza, akachukua kalamu. Aliandika kidogo, kalamu ikasimama. Juu kulisikika maji yakimwagika kwenye ndoo na mtu akiimba.

"Usiniombe hili," alisema, akanirudishia daftari.

"Basi leo panda peke yako."

Akapanda. Kutoka chini nilisikia viatu vyake, halafu sauti yake: "Hodi?" Milango haikubamizwa. Ilifungwa tu kwa funguo, mmoja, mwingine, mwingine. Kwenye kipandio cha hamsini na nne, mlangoni mwa ghorofa ya tatu, viatu vilisimama.

Nilifungua daftari. Alikuwa ameandika tarehe tu. Lakini haikuwa tarehe ya siku hiyo. Ilikuwa ya Jumatatu ile Wakili alipotungoja na ndoo tupu.

Rufaa tumeiandika juzi, mimi na Wakili, mezani kwa dada. Ukurasa ule tumeuambatanisha nyuma. Wakili anasema kisheria si kitu.

"Uweke," nilimwambia. "Mwandiko wake wanaujua. Wamwulize yeye, tarehe hiyo ilikuwa ya nini."