Herufi Mia Mbili na Kumi na Nne

Danford alitaka jina moja tu mezani kwake ifikapo Ijumaa saa nne asubuhi. Jina la programu. Danford ndiye mwenye kampuni na ndiye anayesaini kila kitu, na ukimsikiliza ungedhani kuchagua programu ya kusimamia majaribio ni kama kuchagua soda.

"Theodosia, mmelinganisha mwezi mzima. Nipe moja, nisaini, tuendelee na maisha."

Maisha gani? Jina ambalo ningeandika ndilo lingeamua kama Mniko anabaki kuwa mwenzetu kazini au nafasi yake inapewa mtu mwingine. Danford aliliona hilo kuwa jambo la pembeni. Mimi sikuwa na jambo lingine.

Nieleze kidogo, maana hata mama yangu kule Karagwe hajawahi kuelewa ninakula kwa kazi gani. Ofisi yetu iko Nkende, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kampuni inatengeneza programu ya simu ambayo wafugaji na mabwana mifugo wanaandikia chanjo za ng'ombe. Kabla haijaenda kwa watu, sisi tunaijaribu: bonyeza hapa, andika pale, zima simu katikati, uone itafanya nini. Kila jaribio tunaliandika hatua zake, kilichotarajiwa na kilichotokea. Yako zaidi ya mia nne, na yote yalikuwa kwenye faili moja la Excel. Mwezi wa pili mwenzangu Precious alifuta mistari arobaini akidhani anafuta nakala. Nilipiga kelele mpaka wateja waliokuwa wakipakia nondo kule chini wakatazama juu. Ndipo tukaanza kutafuta programu ya maana.

Majaribio mengi aliyaandika Mniko. Na hakuyapa namba, kama wanavyofanya watu wenye akili zao. Aliyapa majina ya ng'ombe wa baba yake. Jaribio la kusajili mfugaji mpya ni Pembe Moja. La mtandao kukatika wakati wa kutuma ni Madoa. La kuandikisha ng'ombe aliyenunuliwa mnadani ni Bibi Harusi. Siku ya kwanza nilimgombeza.

"Jaribio la mia moja na kumi na saba utalikumbuka, bosi?" aliniuliza.

Nikaanza kulitafuta kwenye faili.

"Na Bibi Harusi je?"

Nilicheka, na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia.

Yeye ndiye aliyegundua kosa ambalo sisi wa kuja tusingeliona hata kwa miaka kumi. Ukurasa wa kwanza wa programu yetu uliuliza: una ng'ombe wangapi? Mniko akasema wazee wa kwao wakiona swali hilo watafunga simu. Mtu wa umri wa baba yake hahesabu mifugo yake wala hapendi ihesabiwe. Ni kuitafutia balaa. Danford akabisha. Tuliwapelekea wazee kumi waijaribu. Tisa walifunga simu, na wa kumi akaandika sifuri huku zizi limejaa nyuma yake. Swali liliondolewa wiki hiyohiyo.

Novemba iliyopita baba yake, mzee Marwa, alipatwa na kiharusi. Mniko alirudi kwao Nyansurura kwa wiki mbili, na wiki mbili hizo sasa zina miezi minane. Ng'ombe wapo, mzee hawezi kuwafuata, na mtandao unapatikana juu ya kilima tu, ambako Mniko hupanda Alhamisi na Jumapili. Danford si mtu mbaya. Amemshikia nafasi muda wote huo. Lakini alisema wazi: programu mpya ikiweza kufanya kazi bila mtandao, Mniko ataendelea akiwa hukohuko kwao. Isipoweza, mwezi ujao tunatangaza nafasi.

Nilimpenda Mniko. Niseme tu, nimechoka kuzunguka. Miezi minane nilikuwa nikifika ofisini na kukitazama kiti chake kabla sijaitazama kompyuta yangu, na hakuna siku niliyowahi kumwambia neno.

Zilibaki programu mbili, na tulizibatiza wenyewe. Moja tuliiita Mzungu: nzuri, nyepesi, ina rangi zake, lakini mtandao ukikatika nayo inakufa. Nyingine tuliiita Gunia, kwa sababu ilikuwa mbaya kwa sura lakini inabeba: unaandika majaribio popote, inayatunza ndani ya simu, na ukipata mtandao inayatuma yote. Nikatengeneza jedwali la maksi. Katika maksi mia, arobaini nikazipa kufanya kazi bila mtandao.

Precious, aliyekulia Sirari na Kiswahili chake kimevuka mpaka, alilitazama akatabasamu.

"Aki madam, hii mtihani umeshaisahihisha kabla watoto hawajakaa."

"Fanya kazi yako."

"Nafanya. Hata mimi nimemmiss Mniko. Lakini arobaini?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia mezani kwa Danford. Alilisoma jedwali, akaniangalia, akasema, "Hili Gunia kalijaribuni kwa haki. Nenda mwenyewe Nyansurura. Likifaulu kule, nasaini."

Jumatano alfajiri nilipanda basi la Mugumu, nikavuka Mto Mara jua likiwa bado halijawa kali, nikashukia njia panda na kumalizia kwa bodaboda. Mniko alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi na mabuti ya mvua, amekonda, ndevu hazijanyolewa. Maneno yote niliyoyapanga ndani ya basi tangu Nyamongo yakanikimbia.

"Umechelewa, bosi," alisema.

"Miezi minane," nilimjibu, kisha nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Mzee Marwa alikuwa kwenye kiti cha kamba, mkono wa kulia umelala mapajani. "Shikamoo mzee," nikamsalimia. Akaitikia marahaba kwa upande mmoja wa mdomo, na kwa jicho lake zima akanipima kuanzia viatu hadi kichwani. Akamwambia mwanawe neno la Kikurya. Mniko akainama na kucheka chini chini, na alikataa kunitafsiria.

Tulifanya kazi tumekaa juu ya gogo, kila mtu na simu yake. Majaribio thelathini. Gunia halikutuangusha hata mara moja. Tulizima simu, tukawasha, tukatoa betri ya ile simu ya zamani, na kila kitu kilikuwepo. Mniko alikuwa yuleyule: anauma mdomo wa chini akihisi kosa liko karibu, anasema "subiri, subiri" kwa sauti ya chini kana kwamba kosa litasikia na kukimbia. Sikumbuki lini nilikuwa na furaha kiasi kile.

Mchana ng'ombe walipita mbele yetu kwenda kunywa maji, wengi, wamesongamana, vumbi juu. Mzee aliwatazama kwa muda kama wa kunywa kikombe cha maji, kisha akasema kitu.

"Tata anasema Pembe Moja hayupo," Mniko akasema, akainuka.

"Amejuaje? Kwani wako wangapi?"

Mzee aligeuza uso. Mniko alinifinya mkono. "Bosi, wewe ndiye uliyefuta swali hilo kwenye programu. Hatuhesabu. Anawatazama tu, anaona nani hayupo." Akaenda, akarudi na Pembe Moja, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya mkonge wa jirani bila aibu yoyote.

Saa kumi bodaboda alirudi kunichukua. Tulikuwa tumebakiza kuandika maelezo ya jaribio la mwisho, Bibi Harusi. Mimi nilikuwa navaa helmeti na Mniko bado anaandika, kichwa kimeinama, kidole kinakwenda, kinasimama, kinafuta, kinakwenda tena.

"Unaandika kitabu?" nikamuuliza. Maelezo yake hayajawahi kuzidi maneno matatu.

"Ni maelezo ya Bibi Harusi. Kesho nitapanda kilimani yatumwe. Utayakuta."

"Andika kwa kifupi."

Hakuinua macho. "Safari hii hayatakuwa mafupi, Theodosia."

Hajawahi kuniita Theodosia. Siku zote ni bosi. Niliondoka, na hapo ndipo nilipofanya upumbavu wangu. Nikisubiri basi pale njia panda, nikataka kuifunga kazi kabisa, nisiwe na kitu cha kumalizia kesho ila kusoma alichoandika. Nikafungua Gunia kwenye simu yangu. Sehemu ya maelezo ya Bibi Harusi ilikuwa tupu bado. Nikaandika neno moja, Imefaulu, nikahifadhi. Haraka haraka haina baraka. Bibi yangu alinichosha na methali hiyo na sikuwahi kumsikiliza.

Alhamisi saa tatu asubuhi Mniko alifika kilimani, maana majaribio yake yalianza kuingia kwenye kompyuta yangu moja baada ya jingine. Nikaenda moja kwa moja kwa Bibi Harusi. Palikuwa pameandikwa: Imefaulu. Neno langu mwenyewe.

Nikatafuta. Gunia lina ukurasa wa kumbukumbu, umefichwa huko ndani ambako hakuna anayekwenda. Nikakuta mistari miwili.

Mniko: herufi 214. Yameachwa.
Theodosia: herufi 8. Yamehifadhiwa.

Watu wawili wakiandika mahali pamoja bila mtandao, Gunia lilikuwa linachukua la aliyehifadhi mwisho na kulitupa la mwenzake, bila kuuliza, bila kuonya. Nilifika dukani kwa nondo bila kujua nimeshukaje ngazi, nikampigia akiwa bado kilimani.

"Umesoma?" Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hayapo, Mniko. Yangu yameyafunika yako. Angalia kwako."

Nikasikia upepo, na kengele ya ng'ombe.

"Hata kwangu pameandikwa Imefaulu," alisema.

"Uliandika nini?"

"Niliandika ukiwa mbele yangu unavaa helmeti. Sasa hivi naangalia mawe. Maneno yale hayawezi kuja." Kisha akakohoa, na aliporudi alikuwa mjaribuji tena. "Kosa umelirudia uone kama linatokea tena?"

"Bado."

"Lirudie na Precious. Likijirudia, liandike."

"Nikiliandika Danford atachukua Mzungu. Nafasi yako..."

"Naijua nafasi yangu. Kesho Precious ataandika imefeli, na wewe utaandika imefaulu juu yake bila kujua. Programu yetu itatoka na kosa lake, na ng'ombe wa tata watachomwa sindano ya chanjo ileile mara mbili. Liandike, bosi."

Bosi tena. Nilikata simu nikalia, na muuza nondo akanipa kiti bila kuuliza.

Tulilirudia mara tano. Mara zote tano neno la aliyetangulia lilipotea. Precious alikunja mikono.

"Si unyamaze tu, madam? Huo ukurasa nani ataufungua?"

Nilinyamaza kweli, kwa saa nzima. Nililifikiria. Mwanamke mwenye nguo zangu alikaa pale na kupanga uongo mzuri kabisa: tutakuwa waangalifu, kila mtu atakuwa na majaribio yake, hatutagusana. Kisha nikawaza kwamba Mniko angekaa kule kilimani akijua kuwa kazi yake imesimama juu ya kosa lililofichwa, kosa alilolijua yeye mwenyewe, na asingenitazama tena usoni. Nikafungua ripoti nikaliandika. Hatua zote nikazijaza. Kilichotokea nikakijaza. Kilichotarajiwa kilinichukua mpaka ofisi inafungwa.

Ijumaa saa nne Danford aliisoma ripoti kwa sauti, kama kawaida yake, Precious akiwa pembeni.

"Uzito wa kosa: mkubwa. Kilichotokea: maelezo ya Mniko, herufi mia mbili na kumi na nne, yamepotea na hayawezi kurudishwa. Kilichotarajiwa..." Akasita. Aliendelea kwa sauti ya chini. "Kilichotarajiwa: maneno ya Mniko yamfikie Theodosia."

Chini walikuwa wanakata bomba kwa msumeno.

"Ni Mzungu, basi," Danford alisema, akasaini. Aliifunga kalamu yake taratibu. "Pole sana, dada."

Mchana wote niliyahamisha majaribio. Mzungu alikuwa na adabu, aliyapokea yote na kuyapa namba. Mwishoni akaniandikia kwamba yaliyopokelewa ni 412, na hakuna lililopotea. Niliitazama orodha ya wafanyakazi pale pembeni: Danford, Precious, Theodosia. Sikuhitaji kuhesabu.

Nikachukua simu yangu. Nilimwandikia Mniko yote niliyoshindwa kuyasema kwa miaka miwili ya kukaa meza moja na miezi minane ya kukitazama kiti. Nilimwambia kwamba nafasi yake imekwenda, na mimi ndiye niliyeandika ripoti. Nilimwambia kwamba mimi siyataki tena yale maelezo ya Bibi Harusi kwenye programu yoyote, nayataka kwa mdomo wake, na Jumamosi ya wiki ijayo nitashuka tena pale njia panda. Nilimwambia pia amuulize mzee, siku ile alisema nini juu yangu. Sikutazama ni herufi ngapi. Nikatuma kwa WhatsApp.

Ikatokea tiki moja ya kijivu. Leo ni Ijumaa, na kilimani anapanda Jumapili.